"Hayo ni ya Shule": Debe la Mzazi Mmoja, Tumbo la Watoto Wote

*Kyela ni nchi ya mchele, ndizi, kakao na usipa. Njaa siyo ishu yetu kubwa. Swali ni hili: tunachokipeleka kwenye jiko la shule, sisi wenyewe tungekila? Mhariri wetu anarudi nyumbani, ukanda wa Ziwa Nyasa, na stori aliyokaa nayo moyoni kwa miaka mingi.*

Leo naomba unifuate mpaka kwetu Kyela, pale ambapo milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi ziwani Matema, na mchele unanukia kabla hata sufuria halijafunuliwa. Ila sikupeleki kutalii, mwenzangu. Nakupeleka stoo ya shule.

Mwaka 1999 nilikuwa darasa la nne. Wazazi walikuwa wamekubaliana kila kaya itoe debe moja la mahindi na maharage kidogo kila muhula, ili sisi watoto tupate makande mchana. Siku ya kupeleka ilipofika, mama alikuwa na magunia mawili ndani. La kwanza lilikuwa la mahindi safi, makavu, yale ambayo ukiyamimina yanalia. La pili lilikuwa limekaa sakafuni tangu mvua zianze. Mahindi ya chini yalikuwa yameshikana, mengine yana ukungu wa kijani, mengine yamebunguliwa yamebaki maganda.

Mimi nikaanza kuchota kwenye gunia zuri. Mama akanizuia.

"Acha hayo, mwanangu, hayo ndiyo tutakula sisi. Chota kule. Hayo ni ya shule."

Hayo ni ya shule. Kaka yangu alibeba nusu debe, mimi nusu. Tulipofika, mwalimu wa zamu alipima, akaweka tiki kwenye daftari, basi. Hakuna aliyeingiza mkono ndani kuangalia. Debe letu likamwagwa juu ya madebe ya wenzetu, na tangu dakika ile hakuna ambaye angeweza kusema lipi ni la nani.

Mwezi wa 4 ukafika na mvua zake. Anayeijua Kyela anajua mwezi wa 4 ni noma. Mito ya Mbaka, Lufilyo na Kiwira inajaa, njia zinageuka madimbwi, kuni zinaloa. Siku moja mvua ilipiga kweli, watoto wengi hawakufika shule, makande yakabaki sufuria karibu zima. Kesho yake yakapashwa moto, moto wenyewe wa kuni mbichi, moshi mwingi kuliko joto. Tukala. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, darasa letu lilikuwa limejaa matapishi. Watoto wengi waliishia zahanati. Mungu bariki, hakufa mtu.

Ila kuna mtu aliumia. Mama mpishi. Ndani ya siku mbili maneno yalikuwa yamezunguka kijiji kizima. Wengine walisema ameweka sumu, wengine wakasema ana mkono mbaya, na wale wa mambo ya gizani nao hawakukosa la kusema. Akaacha kazi. Mama yangu alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, maana nilijua nilichobeba kichwani.

Sufuria linalosubiri

Nimekuja kujua baadaye sana, nikiwa mtu mzima ninayesoma na kuuliza, kwamba siku ile huenda mahindi yetu mabovu hayakuwa na kosa. Watu wakitapika ndani ya saa chache baada ya kula, wa kwanza kushukiwa ni chakula kilichosubiri.

Iko hivi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Anaishi kwenye udongo, kwa hiyo anapatikana kwenye vitu vingi vinavyotoka shambani, mchele ukiwa wa kwanza. Ukichemsha chakula, bakteria wenyewe wanakufa, lakini wanaacha mbegu ngumu ambazo maji yanayochemka hayaziui. Chakula kikipoa taratibu kwenye sufuria kubwa, na kwa joto la Kyela, ambako hata usiku shuka ni la nini, mbegu zile zinaamka. Bakteria wanazaliana na kutoa sumu. Sumu moja kati ya hizo haiondoki hata ukikipasha chakula mpaka kichemke upya. Ndiyo maana mtu anakwambia "mbona nilikipasha vizuri?" na bado watoto wanatapika.

Shirika la Afya Duniani lina kanuni 5 za chakula salama, zilizotolewa mwaka 2001, na mojawapo inahusu jambo hili hili. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Ama kiliwe kikiwa cha moto, zaidi ya nyuzi 60, ama kiwekwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5. Shule ya kijijini haina friji la kuingiza sufuria la lita 100. Kwa hiyo jibu lake ni moja tu: pika cha leo, kiliwe leo, kiporo hakuna. Nyumbani kiporo cha wali na chai ni raha, najua, nami nimekulia humo. Lakini kiporo cha sahani mbili kinapoa fasta. Kiporo cha watoto 300 kinakaa vuguvugu usiku mzima.

Na zile kuni mbichi nazo zina kesi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo huisha yakilowekwa na kisha kuchemshwa kwa nguvu. Yakiiva nusu nusu kwenye moto hafifu, yanaweza kumtapisha mtu ndani ya saa 1 hadi 3. Kuloweka maharage tangu jana yake, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa moto mkali kwa angalau dakika 10 kabla ya kuyaacha yaive taratibu, siyo mbwembwe za wapishi wa hoteli. Ni usalama, na pia kunapunguza kuni.

Kwa hiyo mama mpishi wetu hakuwa mchawi. Alikuwa mwanamke mmoja, mwenye kuni zilizoloa, jiko lisilo na ukuta, chakula cha kutosha kumwonea uchungu kukimwaga, na hakuna aliyewahi kumfundisha jambo hili. Nani kati yetu angemwaga sufuria zima la makande kijijini, watu wakimtazama?

Sumu isiyopiga kelele

Sasa usije ukadhani namsafisha mama yangu. Debe letu halikututapisha siku ile, lakini haina maana kwamba lilikuwa salama. Lilikuwa na hatari ya aina nyingine, ile ambayo haina haraka.

Ukungu wa kijani au wa njano kwenye mahindi na karanga unaweza kutengeneza sumukuvu. Sumu hii haina harufu wala ladha unayoweza kuitambua, na maji yanayochemka hayaiondoi. Ukisaga, hujaiondoa, umeisambaza tu kwenye unga wote. Mtoto anayeila kidogo kidogo kila siku hatapika wala hashikwi na tumbo. Ini lake ndilo linalobeba mzigo, na miaka mingi baadaye inaweza kuja saratani ya ini. Wataalamu pia wanaihusisha na udumavu wa watoto. Hakuna mzazi atakayeunganisha ugonjwa wa mtu mzima na debe la darasa la nne.

Ikila kwa wingi, inaua haraka. Majirani zetu Kenya walilijua hilo mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 walipougua na 125 kufariki kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hapa kwetu mwaka 2016 yalitokea Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Wale walikuwa wakulima wanaokula mahindi yao wenyewe, siyo watu walionunua chakula cha ajabu dukani.

Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kila kilo. Kwa lugha ya jikoni, ni gramu 10, kama vijiko 2 vya chai, ndani ya magunia 10,000 ya kilo 100. Sasa fikiria debe moja lenye ukungu linavyoweza kuharibu stoo. Halafu ukungu haukai sawasawa. Punje chache mbovu zinaweza kubeba sumu kubwa kuliko gunia zima lililobaki.

Hapo ndipo mchango wa shule unapotofautiana na chungu cha nyumbani. Nyumbani, mzembe anakula uzembe wake. Shuleni, madebe yote yanakuwa debe moja. Mama aliyeanika, akapeta na kuchambua punje kwa punje, mwanaye anakula sawa na mtoto wa yule aliyezoa sakafuni. Ubora wa chakula cha shule hauamuliwi na mzazi bora. Unaamuliwa na debe baya kuliko yote lililopokelewa.

Na Kyela hatuna hali ya hewa ya kutusaidia. Tuko bondeni, joto lipo, mvua ni nyingi, unyevu wa ziwa upo muda wote. Mahindi yanayokauka Dodoma kwa siku chache, kwetu yanaweza kuanikwa na kuanuliwa wiki nzima huku yanakimbizana na mawingu. Kwa hiyo nguvu inabidi iwe kubwa zaidi: anika juu ya turubai au kichanja na siyo chini kwenye udongo, weka magunia juu ya chaga na mbali na ukuta, usihifadhi kabla hayajakauka kweli.

Utajuaje yamekauka? Kuna ujanja rahisi, hauhitaji mashine. Chukua chupa safi ya kioo, kavu kabisa, yenye mfuniko. Tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa, acha dakika kama 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikibaki chini bila kunata, yamekauka. Jamani, chupa na chumvi! Kila shule inaweza kuwa nayo mlangoni mwa stoo.

Dumu lisilo na lebo

Kuna jambo jingine ambalo kwetu halizungumzwi sana, na linanitisha kuliko yote. Kyela ndiyo inayoongoza nchini kwa kakao. Kakao ina wadudu na magonjwa, wakulima wanapiga dawa. Mpunga nao unapigwa dawa. Mahindi na maharage ya kuhifadhi yanachanganywa na dawa ya unga. Dawa ikiisha, dumu linabaki, na dumu zuri kijijini halitupwi. Linasuuzwa, linawekwa mafuta ya mawese, linawekwa maji.

Naomba tukumbuke kilichotokea India, jimbo la Bihar, tarehe 16 Julai 2013. Watoto wa shule ya msingi ya kijiji kimoja walipewa chakula cha mchana, wali na maharage ya soya na viazi. Watoto 23 walikufa. Uchunguzi ulikuta sumu ya kuulia wadudu kwenye mafuta ya kupikia. Iliripotiwa kwamba mpishi alihisi mafuta yana harufu isiyo ya kawaida, akasema, lakini akaambiwa aendelee. Mwaka 2016 mahakama ilimfunga mwalimu mkuu. Kifungo hakikurudisha mtoto hata mmoja.

Nikisoma habari ile huwa najiuliza: mpishi wa shule yetu akisema "haya mafuta siyaelewi," kuna mtu atamsikiliza? Au ataambiwa apike tu, watoto wana njaa? Utaratibu mmoja mzuri ni mtu mzima kuonja kwanza, mwalimu pamoja na mpishi, na kusubiri kama nusu saa kabla watoto hawajapakuliwa. Mwalimu anayejua atakula yeye wa kwanza, amini usiamini, atakagua stoo bila kukumbushwa.

Na dumu la dawa lisirudi jikoni hata likisuuzwa mara kumi. Litobolewe siku hiyo hiyo lisifae tena. Maharage yaliyotiwa dawa ya kuhifadhia yana siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Mzazi anayeleta mchango aseme ametia dawa gani na lini. Kusema siyo aibu.

Ziwa zuri, maji ya kuchemsha

Ukikaa ufukweni Matema jioni, maji ni safi mpaka unaona mawe chini. Yanadanganya. Ukanda huu wa ziwa umerudiwa na kipindupindu mara nyingi. Katika mlipuko mkubwa ulioanza Agosti 2015 na kuendelea hadi 2018, Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Mafuriko yakija, vyoo vya mashimo vinajaa, maji yanateremka visimani na mtoni, na mtoni ndiko mtoto anakotumwa na ndoo ya shule.

Shuleni ugonjwa huu una njia mbili rahisi: maji na mikono. Chungu kinaweza kuchemka saa nne mfululizo, lakini kama sahani zilisuuzwa kwa maji ya mto, au mtoto katoka chooni na kuchota makande kwa vidole, kazi yote ya moto imepotea. Usipa wa kukaangwa ni mtamu na una faida kubwa kwa mtoto, lakini uliokaushwa chini kwenye mchanga, inzi wakifanya mkutano juu yake, unahitaji kuchambuliwa, kuoshwa kwa maji ya moto na kupikwa hadi uive kabisa.

Vifaa vya kujikinga vinapatikana. Kibuyu chirizi kinatengenezwa kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti, na sabuni inaning'inizwa pembeni. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Na wale wamama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu kule Ikombe na kuviuza soko la Jumamosi pale Lyulilo, wanatuuzia mitungi yenye mdomo mwembamba ambayo mkono wa mtoto hauingii. Funika, weka kata yenye mpini mrefu, na maji yanabaki salama na ya baridi.

Nani anaamua debe lijazwe nini?

Tuje sasa kwenye mambo yetu ya ndani, maana hili ni gazeti la mahusiano na siwezi kuliacha. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kwa nini. Hakukasirika. Alinieleza kwamba lile gunia zuri alikuwa na mpango nalo hadi mavuno. Baba alikuwa ameshauza mpunga wote kwa wachuuzi, kama wanaume wengi wanavyouza, na mchele wa Kyela una soko, unaondoka na malori. Hela haikupita mikononi mwake. Halafu shule ikatuma barua ya debe. Barua ilisomwa na baba, debe likawa la mama.

Unaiona hiyo? Mwanaume anaamua kiuzwe kiasi gani, mwanamke anabaki kugawa kilichosalia kati ya watoto, wageni, msiba na shule. Katika mgawo huo, shule ndiyo mgeni ambaye hatalalamika. Chakula kibaya cha shule mara nyingi kinaanza na mazungumzo ambayo hayakufanyika chumbani.

Kwa hiyo akina baba, siku ya kuuza, debe la shule litoke kwanza, kwenye gunia lile lile unalompimia mchuuzi. Mchuuzi anaingiza mkono mpaka chini ya gunia, anakagua, anakataa. Kwa nini mnunuzi asiyekujua apate mahindi bora kuliko mwanao? Na akina mama, mkiona hakipo cha kutosha, semeni. Nusu debe safi ni mchango. Debe zima lenye ukungu ni mzigo.

Utasikia pia "si serikali imesema elimu bure?" Ni kweli, elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na mkanganyiko ulikuwa mkubwa, shule nyingi zikasimamisha chakula. Lakini waraka wa elimu wa mwaka huo uliweka wazi kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Mwaka 2020 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi. Misaada mikubwa ya chakula cha shule kwa miaka mingi ilielekezwa mikoa kame kama Dodoma na Singida. Kwetu, wenye mvua na mazao, tuliachiwa wenyewe. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, lakini afisa wa TBS hatakuja kufungua gunia la sakafuni kwa mama yangu. Mlango huo anao mama, baba, mwalimu wa zamu na mpishi.

Mpishi naye ni mtu

Shule nyingi zinamlipa mpishi kidogo tena kwa kuchelewa, halafu zinamkabidhi matumbo 300. Mtu huyu anatakiwa apimwe afya kila baada ya miezi 6, awe na sabuni, apewe ruhusa ya kukaa nyumbani akiharisha bila kukatwa posho, na afundishwe. Afisa afya wa kata yupo kwa kazi hiyo, mwiteni. Mpishi anayeogopa kufukuzwa ataficha kuharisha kwake. Mpishi anayeheshimiwa atasema. Na zaidi ya yote, awe na haki ya kukataa: kukataa mahindi yenye ukungu, kukataa mafuta yenye harufu, kukataa kupasha kiporo.

DONDOO: Mambo 7 ya kupeleka kwenye mkutano wa wazazi

1. Mchango ukaguliwe mlangoni, mbele ya mzazi, na kamati yenye wazazi wawili. Mkono uingie hadi chini. Mahindi yenye ukungu, yaliyobunguliwa au yenye unyevu yarudi nyumbani, bila kumtangaza mtu.

2. Mahindi yachambuliwe tena kabla ya kupikwa au kusagwa. Kuchambua na kukoboa hupunguza sumukuvu, kuchemsha hakusaidii. Punje mbovu zichomwe au kuzikwa, wasipewe kuku wala ng'ombe.

3. Stoo iwe na chaga, isivuje, isiingize panya, na isikae na dawa za shamba, mafuta ya taa wala saruji. Shule ikiweza, inunue mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS, ambayo huzuia wadudu bila dawa. Mahindi yawe yamekauka kwanza.

4. Cha leo kiliwe leo, ndani ya saa 2 tangu kiive. Mpishi ahesabiwe watoto waliofika asubuhi ndipo apime. Mvua ikinyesha, apunguze.

5. Kuni kavu ziwekwe akiba chini ya paa kabla ya masika.

6. Mwalimu na mpishi waonje kwanza na waandike kwenye daftari: tarehe, chakula, nani kapika, nani kaonja. Siku mambo yakiharibika, daftari litasema badala ya umbea.

7. Watoto wengi wakiugua kwa pamoja, wapelekwe zahanati haraka, chakula kilichobaki kisimwagwe bali kifunikwe na kuwekwa pembeni ili kipimwe. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS njiani.

Nilichokikuta safari hii

Nimetoka nyumbani juzi. Mjukuu wa mama yangu, mtoto wa kaka yule aliyebeba nusu debe, yuko darasa la tatu kwenye shule ile ile. Nilimkuta mama amekaa barazani na ungo, anachambua mahindi ya mchango. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo anashika punje moja moja kwa vidole. Zile anazozitilia shaka anazitupa kwenye kopo. Kopo lilikuwa limejaa nusu. Sikumwambia kitu, nikavuta kigoda nikamsaidia.

Nikamuuliza kuhusu mama mpishi. Alishafariki, miaka mingi sasa. Baada ya tukio lile hakupata tena kazi ya kupika popote pale kijijini, hata misibani walimpa kazi ya kuosha vyombo tu, asiguse chungu. Mama alisema aliwahi kufikiria kwenda kumwambia kuhusu lile gunia, walau amjue mwenzake aliyekuwa na hofu. Hakwenda. Aliona aibu, siku zikapita.

Sijui kama makande yale yalitudhuru kwa kulala, kwa kuni mbichi au kwa kitu kingine. Hakuna aliyepima. Hilo ndilo lililomponza mama mpishi: pasipo daftari wala kipimo, mtu wa mwisho kushika mwiko ndiye anayebeba lawama zetu sote.

Wewe msomaji wetu, shuleni kwa mwanao, nani anaingiza mkono ndani ya debe? Kama hujui, ulizia wiki hii. Na debe lako likijazwa, kabla halijatoka mlangoni, chota kikombe kimoja, wape watoto wako nyumbani jioni hiyo. Ukisita kuwapikia, umeshapata jibu.